Jinsi ya kuomba rekodi za lori lililokugonga kabla hazijafutika

Lori likishamgonga mtu Mombasa Road, ubishi mkubwa huwa ni wa mwendo. Dereva atasema alikuwa kwenye sitini, na wewe uliyekuwa umelala kwenye lami huna cha kumjibu. Lori lenyewe linacho. Malori ya biashara hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kiwango cha ubora cha Kenya, KS 2295 cha mwaka 2018, kinataka spidi gavana (kifaa cha kudhibiti mwendo) ihifadhi rekodi ya mwendo na kuituma kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Aghalabu kuna pia traka ya mwenye gari, yaani kifaa cha kufuatilia gari liko wapi, na kompyuta ya injini. Kama mzigo unavuka kwenda Uganda au Rwanda, huenda kuna sili ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, inayofuatilia mzigo njiani.

Shida ni kwamba rekodi hizi hazikai. Lori likirudi barabarani, kompyuta ya injini huandika mapya juu ya yale ya zamani. Ndugu yangu alipogongwa tulingoja atoke wodini ndipo tutafute wakili. Siku tuliyoulizia, lori lilikuwa limeshatengenezwa, linabeba saruji. Kwa hiyo anza wiki ile ile, hata kama mgonjwa hajafumbua macho.

Nenda kituo cha polisi uhakikishe ajali imeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, uchukue namba yake. Mwombe afisa aandike pia kwamba lori lina traka na spidi gavana. Piga picha namba ya kichwa na ya tela, ile inayoanza na Z, maana mwenye kichwa na mwenye tela wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Ukiwa na namba hizo, itisha rekodi ya umiliki NTSA kupitia eCitizen.

Sasa andika barua mbili. Ya kwanza ni ya mwenye lori, na nakala iende kwa kampuni yake ya bima. Taja tarehe, mahali, namba za gari na namba ya OB, kisha useme waziwazi: msifute, msibadilishe wala msing'oe spidi gavana, traka, kompyuta ya injini wala kamera ya lori hili. Igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila muhuri huo watasema hawakuiona.

Barua ya pili ni ya NTSA, kuomba rekodi za mwendo za siku hiyo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kuamua. Wakikunyima au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman.

Mwenye lori akikaidi, wakili wako anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya kifaa kuhifadhiwa na kukaguliwa, chini ya Amri ya 40, kanuni ya 10, ya Kanuni za Kesi za Madai. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu, lakini kifaa hakitakungoja miaka mitatu.

Ripoti ikipatikana, usikimbilie kushangilia. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kwenye kifaa gani, kilichotiwa saini na mtu anayesimamia mfumo huo. Kisha angalia saa. Traka nyingi huandika saa za dunia (UTC), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ajali ya saa tatu usiku itasomeka 18:00 kwenye karatasi, na OB inasema 21:00. Wakili wa bima akiliona pengo hilo, atasema lori lilipita jioni, muda mrefu kabla yako. Kwa hiyo mwambie anayetia saini aandike ndani ya cheti kile kile kwamba ripoti inatumia saa gani na tofauti yake na saa ya Nairobi.