Andalio la somo: anza na swali la mwisho

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi ya serikali huku Kilosa, na bado naingia darasani kufundisha Hisabati. Maandalio ya wenzangu, yaani mipango yao ya vipindi, hupita mezani kwangu asubuhi kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu kusainiwa. Mengi yameandikwa ili mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija ayakute, mtoto hayumo. Siwalaumu sana. Fomu yenyewe ndiyo inayotupeleka huko: ina visanduku, na kisanduku kitupu kinakera macho. Mtu anaanza juu, tarehe, darasa, kipindi, walioandikishwa, waliohudhuria, wavulana, wasichana, anateremka taratibu, na akifika pale penye kazi yenyewe, yaani atafanya nini na hawa watoto, ameshachoka na kengele inakaribia.

Basi anzia chini. Kabla hujaigusa fomu, chukua karatasi yoyote uandike swali moja ambalo kila mtoto atalijibu peke yake dakika za mwisho za kipindi. Swali lisipoandikika, bado hujajua unafundisha nini, hata kama muhtasari wa somo uko wazi mbele yako.

Mada unaitoa kwenye azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada za mwaka, na azimio limetoka kwenye muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, hilo unalijua. Angalia tu kwamba umeshika muhtasari sahihi, maana mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, mengine yakabaki na ule wa zamani, na kuna maandalio yanayochanganya yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Tuchukue mfano mmoja twende nao: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Swali langu la mwisho ni 1/3 + 1/4. Moja tu, wala si kumi kutoka kitabuni. Nikishaliandika, najiuliza watakosea vipi, na hapa ndipo somo linapozaliwa. Wapo watakaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini wapate 2/7. Wapo watakaokumbuka KDS (kigawe kidogo cha shirika), wabadili asili kuwa 12, halafu wasahau kubadili kiasi, yaani namba ya juu, wapate 2/12. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake si moja. Wa kwanza hajaona sehemu ni kitu gani. Wa pili ameiona, ila anafuata hatua bila kujua kwa nini zinafuatana hivyo. Ukiyaandika makosa haya pembeni ya swali lako, shughuli ya kipindi inakuja yenyewe.

Mimi hutumia ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 12, uliokatwa kwenye daftari lililokwisha. Urefu huo nimeuchagua makusudi: 12 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6 bila kusumbua. Kwenye ukanda tunafanya 1/2 + 1/3; ile 1/3 + 1/4 naiacha kwa swali la mwisho. Mtoto anapima kwa rula. Nusu ya ukanda ni sentimita 6, theluthi ni sentimita 4. Anazipaka rangi zikifuatana, zinafika sentimita 10. Sasa, ile 10 ni sehemu gani ya ukanda mzima? Hapa nyamaza. Waache wabishane. Atatokea mmoja atakayegundua kwamba ukanda ukikatwa vipande vya sentimita 2 vinapatikana sita, na vilivyopakwa rangi ni vitano. 5/6. Hapo KDS haijatajwa bado, lakini wameshaitumia.

Yule wa juu kwa juu usimwambie amekosea. Andika jibu lake ubaoni, 1/2 + 1/3 = 2/5, kisha uliza: "Ulikuwa na nusu ya chapati, mama akakuongezea theluthi. Umebaki na 2/5. Ni zaidi ya nusu au ni pungufu?" Watapima kwenye ukanda mwingine wa sentimita 10, waone nusu inafika 5 na 2/5 inafika 4 tu. Kicheko kitakachofuata kina faida kuliko maelezo yako ya robo saa.

Swali hilo la chapati liandike kwenye andalio neno kwa neno. Nasisitiza hili kwa sababu karibu kila andalio ninalolipokea limeandikwa "mwalimu atawaongoza wanafunzi kujadili". Kujadili nini? Atawaongoza kwa swali gani? Sentensi hiyo unaweza kuihamishia kwenye Uraia, Sayansi au Kiswahili na hakuna atakayeshtuka. Swali zuri haliji lenyewe ukiwa umesimama mbele ya watoto 80, mmoja anaomba ruhusa kwenda chooni na mwingine kanyang'anywa kalamu. Liandae jioni, ukiwa umekaa. Maswali matatu kwa kipindi yanatosha.

Ukimaliza hapo ndipo urudi kwenye lengo. Litakuwa limejiandika: ndani ya dakika 40 kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti na kueleza kwa ukanda kwa nini jibu ni sahihi. Neno "kuelewa" liepuke, kwa sababu hutaliona kwa macho. Kujumlisha, kuchora, kupanga, kueleza, kutofautisha: hayo unayaona na unaweza kuyapima.

Kuhusu muda, kipindi ni dakika 40 kwa madarasa ya juu na 30 kwa la kwanza na la pili, lakini hiyo ni kwenye ratiba. Toa muda wa aliyekutangulia kufuta ubao, wa watoto kutulia, wa kugawa vifaa. Panga shughuli za dakika 30 na utazimaliza kwa tabu. Kwa somo hili natenga dakika 3 za kuanzia, 15 za ukanda, 7 za kuuhamishia mchoro ubaoni na kuandika hatua, na 5 za swali la mwisho. Hizo 5 hazikopwi. Ukiona ukanda umechukua muda, katisha hatua za ubaoni uzimalizie kesho. Wengi tunafanya kinyume: tunakula muda wa swali la mwisho, tunawapa kazi ya nyumbani, na hatujui nani ameondoka na nini.

Vikundi usivipange kwa kuhamisha madawati. Utapoteza kipindi na vumbi litawamaliza. Wa dawati la mbele wawageukie wa nyuma, basi. Kama wanakaa wanne wanne, hapo una kikundi cha wanane, nacho ni kikubwa mno kwa ukanda mmoja. Toa kanda nne, kila wawili na wao. Kata kanda jana yake, au wape watoto wa zamu wakate wakati wa mapumziko, na rula chache zizunguke. Kwenye nafasi ya zana andika hivyo hivyo: kanda 40 za karatasi zenye sentimita 12, 40 nyingine za sentimita 10, rula 10, penseli za rangi. Ukiandika "vitu halisi" utafika darasani mikono mitupu, ukiamini kitu halisi kitapatikana.

Sasa tathmini. "Somo limeeleweka vizuri, wanafunzi wengi wamefaulu." Nimekuta sentensi hii imeandikwa saa 1:30 asubuhi kwa kipindi cha saa 4:40. Ni kutangaza matokeo ya mechi kabla refa hajapuliza kipenga. Nafasi hiyo iache tupu, na mwalimu wa taaluma akikuhoji mwambie kipindi bado.

Kuijaza si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Huna haja ya kusahihisha madaftari 80. Swali la mwisho walijibu kwenye kipande kidogo cha karatasi, chenye jina, wakuachie mlangoni wakitoka. Ukifika ofisini panga mafungu: 7/12, 2/7, 2/12, na mengineyo. Hesabu kila fungu uandike: "47 sahihi; 19 wamejumlisha juu kwa juu; 9 hawakubadili kiasi; 5 hawakujibu." Mstari mmoja tu, na tayari andalio la kesho limeanza. Wale 19 wanarudi kwenye ukanda wakati wenzao wanafanya zoezi la kitabuni. Wale 9 wakalishe pamoja, wape 1/3 iliyochorwa kwenye ukanda, wahesabu wenyewe vipande vya 1/12 vinavyoingia humo. Watakuta ni vinne. Wale 5 waite mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Huenda kuna asiyesoma vizuri ubao kwa sababu ya macho, na huyo Hisabati haijawahi kuwa shida yake.

Najua utaniuliza kuhusu maandalio yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mengine kwa kuuzwa. Chukua, sina ugomvi nayo, yanakupunguzia kuandika vichwa vya habari. Lakini yule aliyeyaandika hajui kwamba watoto wako wana rula 10, wala kwamba kipindi chako kipo baada ya uji. Futa shughuli zake uweke zako, na swali la mwisho litunge mwenyewe.

La mwaka jana pia unaweza kulitumia, ilimradi ni lako na tathmini yake ilijazwa kwa mafungu. Lifungue, soma ule mstari wa mwisho kwanza, kisha ongeza dakika pale walipokwama wengi. Tarehe na idadi ya waliohudhuria utabadilisha mwishoni, chai ikiwa mezani.