Kutendua, kunakili na kubandika katika Blender: chagua njia kabla ya kuzalisha nakala

Tuseme unaunda darasa lenye madawati 30 katika Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D. Dawati la kwanza umeshalimaliza, yaliyobaki ni kuyazalisha. Blender ina njia kadhaa za kutoa nakala, na hapa tutatumia tatu. Ukikosea kuchagua, siku mteja akitaka miguu iwe minene zaidi utarekebisha dawati mojamoja hadi usiku. (Kwenye Mac, tumia Cmd badala ya Ctrl.)

Hatua ya 1: Tayarisha kutendua

Ctrl+Z hutendua, Ctrl+Shift+Z hurudisha ulichotendua. Blender hukumbuka hatua 32 tu usipoigusa. Fungua Edit > Preferences > System, tafuta Undo Steps, uongeze. Mwisho ni 256. Kompyuta yenye RAM ndogo ipe 64 tu. Ukitaka kurudi nyuma hatua nyingi kwa mkupuo, tumia Edit > Undo History. Kumbuka ukifunga faili, historia yote inafutika.

Kama umekosea kipimo tu, usitendue. Bonyeza F9 papo hapo, kidirisha cha tendo la mwisho kitatokea, ubadilishe namba humo.

Hatua ya 2: Shift+D, nakala inayojitegemea

Ukiwa Object Mode (hali ya kushughulikia kitu kizima), chagua dawati, bonyeza Shift+D, kisha X, andika 1.5, Enter. Nakala imesogea mita moja na nusu, na umbo lake ni lake peke yake.

Hapa wanafunzi wengi hunaswa. Wakibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya katikati ya kusogeza, hudhani wamefuta nakala. Kilichofutwa ni kule kusogea tu. Nakala imebaki, imelalia ile ya asili. Bonyeza Ctrl+Z palepale. Kama yametokea ndani ya Edit Mode (hali ya kuhariri umbo lenyewe) na umechelewa kugundua, chagua vyote kwa A, bonyeza M, kisha By Distance, ili vipeo (nukta zinazounda umbo) vilivyolaliana viungane.

Hatua ya 3: Alt+D, nakala zinazochangia umbo moja

Kwa madawati yetu, njia sahihi ni hii. Chagua dawati, Alt+D, X, 1.5, Enter. Sasa bonyeza Shift+R mara tatu. Blender inarudia tendo la mwisho na safu ya madawati matano imekamilika. Chagua safu nzima, Alt+D, Y, 1.2, Enter, kisha Shift+R mara nne. Madawati 30 yapo tayari.

Ingia Edit Mode kwenye lolote kati yake, nenepesha mguu, na mengine 29 yatafuata. Kukuza au kuzungusha katika Object Mode hakuambukizi. Modifaya (zana za kubadilisha umbo bila kuligusa lenyewe) nazo hukaa kwenye kila dawati peke yake, kwa hiyo ziweke kabla ya kutoa nakala.

Unataka dawati moja liwe tofauti, la mwalimu labda? Lichague, nenda Object > Relations > Make Single User > Object & Data. Usipofanya hivyo, ukilirefusha ndani ya Edit Mode unarefusha darasa zima.

Hatua ya 4: Ctrl+C na Ctrl+V, kutoka faili moja hadi nyingine

Hii iachie kazi ya kuhamisha. Nakili kwenye faili ya kwanza, fungua ya pili, bandika. Inawezekana kwa sababu Blender huandika ulichonakili kwenye faili ya muda katika diski. Kitu hutua pale pale kilipokuwa kwenye faili ya asili, basi usipokiona bonyeza kitufe cha nukta cha upande wa namba, mtazamo utakifuata. Matirio (rangi na mwonekano wa uso wa kitu) huja nayo: kama "mbao" ilikuwepo, utapata "mbao.001". Rudishia kitu matirio ya zamani mapema, kabla majina hayajarundikana.

Njia hii haifanyi kazi kwa vipeo ndani ya Edit Mode. Ukitaka kuhamisha kipande tu cha umbo, kichague, Shift+D, kitufe cha kulia, kisha P > Selection. Kimekuwa kitu kamili. Toka Edit Mode kwa Tab, kichague, ndipo ukinakili.