Funga paa lako mpaka ukutani, mawe na tairi hazitoshi

Wenzangu wa nyumba za mabati, mvua za Machi zikikaribia huwa kunatangulia ule upepo wa jioni wa vumbi, na kila mwaka naona watu wakipandisha mawe na tairi juu ya paa wakidhani wamemaliza. Upepo ukipita juu ya mabati unayavuta kwenda juu, na ukipata mlango wazi unaingia ndani unasukuma kutoka chini, kwa hivo paa linapigwa pande zote mbili, na hayo mawe ndio yanaenda kuangukia mtoto wa jirani.

Ni kweli hapa Nairobi hatupati kimbunga, tuko karibu sana na ikweta. Kimbunga kamili kinaanzia kilomita 119 kwa saa, na huku Idara ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari upepo ukipita noti 25 (kipimo cha kasi ya upepo), hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa. Lakini upepo unafanyia paa kazi ile ile. Kule Florida, Marekani, baada ya kimbunga Andrew kuvunja nyumba nyingi sana 1992, sheria za ujenzi zilikazwa, na kufunga paa mpaka ukutani kwa chuma ni kitu hata sisi tunaweza kufanya.

Nyumba ya anti yangu Kayole ilibebwa paa la vyumba viwili. Nilipoenda kuangalia nikakuta mabati bado yameshika tubaitu, zile mbao za inchi 2 kwa 2 mabati hupigiliwa juu yake, misumari yake na kofia zake zote ziko sawa. Kilichoachia ni pale tubaitu inapokaa juu ya kenchi, zile mbao kubwa za kubeba paa, kila mahali palikuwa na msumari mmoja tu wa inchi 3, umechomoka mzima, bado unang'aa vile ulitoka hadiwea. Nilisikia uchungu, juu hio ni kazi ya pesa kidogo sana.

Kwa hivo anzia hapo. Chukua tochi, angalia juu ukiwa ndani, fuata mbao moja moja: mabati kwa tubaitu, tubaitu kwa kenchi, kenchi kwa fobaitu, ile mbao ya inchi 4 kwa 2 imelala juu ya ukuta, alafu fobaitu kwa ukuta wenyewe. Pakiwa dhaifu mahali pamoja, hapo ndio patatoka. Nunua hupu aini, ule utepe wa chuma wa kuuzwa kwa roli, upitishe juu ya tubaitu, ushuke pande mbili za kenchi, piga misumari miwili ama mitatu kila upande. Kenchi na fobaitu fanya vivyo hivyo. Kwa ukuta, kama bado unajenga mwambie fundi aizike hupu aini katikati ya mawe kozi (mistari ya mawe) kama tatu chini ndio aje aifunge juu ya fobaitu, na kama nyumba imeshajengwa, toboa ukuta uishike kwa bolti zile za kutanuka ndani. Nyumba ya nguzo, ifunge kwa nguzo, na nguzo iwe imezikwa kwa zege, si udongo tu.

Mabati yenyewe, geji ni namba ya unene, ikiwa ndogo bati ni nene zaidi, kwa hivo geji 28 ni nzito kuliko 30. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, na kwa kingo, kwa mtelemko wa chini na kule kileleni piga kila wimbi la pili, katikati la tatu linatosha, kwa sababu upepo huanza kufungua pembeni. Msumari ukilegea usiurudishe kwa shimo lile lile, weka mpya mrefu zaidi kando yake na uzibe shimo la zamani.

Tangi jaza maji. La lita 1000 likijaa ni karibu tani nzima, tupu linaruka kama karatasi.

Kama umepanga, piga picha za hizo misumari umtumie landilodi mapema, kabla ya mvua, wengi wakiona kwa macho wanakubali.

Upepo ukianza funga madirisha na milango yote, usiache moja wazi eti hewa itoke, na mtu asipande juu kushika bati. Mabati yakianza kupiga kelele toa watoto chumba hicho, wakae kile cha ndani kabisa, karibu na ukuta imara. Asubuhi ukipata waya wa stima umelala chini usiuguse hata kama taa zimepotea mtaa mzima, weka mtu asimame mbali azuie wanaopita na upigie Kenya Power.