Kupanga kalori kwa wiki: siku za juu, siku za chini, na sufuria moja ya familia

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mteja ambaye kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa anakula kwa nidhamu, lakini kila Jumamosi ana shughuli: harusi, ubarikio, arobaini. Mpango wa kalori zilezile kila siku ulikuwa unamvunjikia mwisho wa wiki, kisha anakata tamaa. Tukahamia hesabu ya wiki: siku za kazi anakula kidogo zaidi (siku za chini), mwisho wa wiki anakula zaidi (siku za juu), na mambo yakatulia.

Kwanza tuelewane: kupandisha na kushusha kalori hakuchomi mafuta zaidi. Jaribio la mwaka mmoja lililochapishwa Marekani mwaka 2017 lililinganisha watu waliokula kidogo sana siku moja na kingi siku ya pili yake, na wengine waliopunguza kiasi kilekile kila siku. Hakukuwa na tofauti ya maana katika uzito walioupunguza. Faida ya njia hii ni kwamba mpango unakubaliana na maisha yako.

Kama una mimba, unanyonyesha, una umri chini ya miaka 18, umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula kupita kiasi, au una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, muone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Jua kiwango chako, yaani kalori ambazo mwili wako unatumia kwa siku. Natumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, inayokadiria kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Kwa mwanamke: (10 × kilo) + (6.25 × sentimita) − (5 × umri) − 161. Mwanaume anajumlisha 5 badala ya kutoa 161. Zidisha jibu kwa 1.375 kama shughuli zako ni nyepesi. Mwanamke wa miaka 35, kilo 80, sentimita 160, anapata takriban 2,000 kwa siku.

Hatua ya 2: Gawa wiki. Kwa mwanamke huyu, punguza 400 kwa siku: 1,600 × 7 = 11,200. Jumamosi na Jumapili mpe 2,000 kila siku. Zinabaki 7,200 za siku tano, yaani 1,440 kwa siku. Siku za chini zisishuke chini ya 1,200.

Hatua ya 3: Pima chakula cha sufuria ya pamoja. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu. Programu za simu zinazokadiria chakula kwa picha siziamini hata kidogo. Haziwezi kuona mafuta yaliyozama kwenye mchuzi.

Ugali: pima sufuria tupu na uandike uzito wake kwa maka peni kwenye kipande cha plasta, ubandike ukutani jikoni. Pima unga mkavu kabla ya kusonga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360, kwa hiyo gramu 500 ni 1,800. Ugali ukiiva, pima sufuria pamoja na ugali, toa uzito wa sufuria. Ukibaki na gramu 1,500, kila gramu ina kalori 1.2, na bonge lako la gramu 300 ni 360. Unga ukiwa uleule lakini ugali ukawa laini zaidi, hesabu inabadilika kwa sababu maji yameongezeka, kwa hiyo usichukue namba ya jana. Kosa baya zaidi ni kupima ugali ulioiva halafu kutumia kalori za unga mkavu: utajihesabia mara tatu.

Mafuta: usihesabu vijiko, maana anayepika anamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Pima chupa kabla ya kupika na baada ya kupika. Tofauti yake kwa gramu, zidisha kwa 9, maana kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, na mchicha wa familia unaweza kumeza vinne bila mtu kushtuka. Gawanya kwa uzito wa mboga iliyoiva, kama ulivyofanya kwenye ugali.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka mimi naviweka siku za juu tu. Tui halikadiriki kirahisi, na chakula hicho kinastahili kuliwa kwa raha.

Hatua ya 4: Usiguse protini. Mayai, dagaa, maharage na samaki vibaki vilevile siku zote. Unachopandisha na kushusha ni wanga na mafuta.

Hatua ya 5: Soma mizani ya mwili kwa wastani. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai. Jumatatu utaona umepanda, pengine kilo nzima. Hayo ni maji: wanga unaohifadhiwa mwilini hushika takriban mara tatu ya uzito wake kwa maji, na chumvi ya pilau nayo inachangia. Usijibu kwa kujinyima Jumatatu. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Kwa mfano wetu tegemea kama gramu 350 kwa wiki. Wastani usiposogea kwa wiki nne, rudi kwanza kwenye chupa ya mafuta, kisha ndipo utoe kalori 100 kwenye siku za juu.