Kula nje Dar bila kujuta: maelekezo ya fundi friji

Mimi ni fundi friji. Mwaka wa 14 huu nazunguka Dar es Salaam na pikipiki, mtungi wa gesi nyuma, begi la vifaa mgongoni, leo naitwa Sinza, kesho Kigamboni. Wateja wangu wengi ni wenye migahawa. Nyumbani kwangu ni Kinyerezi na mchana sirudi, kwa hiyo siku sita kwa wiki nakula nje, na majiko mengi ya mji huu nimeyaona kutokea upande ambao mteja haonyeshwi. Watu wakishajua kazi yangu huniuliza, "Fundi, tukale wapi?" Jina la mahali si jibu, kwa sababu wapishi wanahama. Bora nikueleze cha kutazama.

Kwanza kabisa, tafuta chakula kinachoisha. Mama lishe akikwambia saa nane mchana, "Samaki wameisha baba, imebaki nyama na maharage," usinune. Huyo amepika cha leo na kimeliwa leo. Kesho wahi. Wa kumwogopa ni yule mwenye menyu ya kurasa 12: pizza, biriani, makange, kamba, tambi za Kichina, na kila unachotaja kipo, saa yoyote. Mimi hujiuliza swali la kazini: vyote hivyo vinalala wapi? Siku moja niliitwa kwenye mgahawa wa namna hiyo, una taa za rangi mpaka chooni. Nyuma nikakuta friza moja tu, mpira wa mlango umechanika, wamefunga kwa kamba ya katani. Nikatia kipimajoto: nyuzi 4 chini ya sifuri. Friza inatakiwa iwe kwenye 18 chini ya sifuri. Nikatengeneza, nikalipwa, wakanikaribisha chakula. Nikasema nimefunga.

Shida kubwa ya Dar ni umeme kukatika na kurudi. Samaki anayeyuka, anaganda, anayeyuka tena. Ukiletewa mezani utamjua: nyama yake haibanduki vipande vipande kufuata mistari, inasagika kama pamba iliyolowa, na maji yanajikusanya sahanini hata kama amekaangwa. Kamba nao kichwa kinakuwa cheusi. Kwenye rosti wanawatoa vichwa usione. Kwa hiyo mahali pageni uliza hivi: "Leo kimetoka nini sasa hivi jikoni?" Mhudumu akitaja kimoja au viwili, agiza hicho hicho. Akijibu "vyote vipo bosi," agiza chipsi mayai. Yai linapasuliwa mbele yako, haliwezi kuwa la juzi kwenye kikaango.

Mahali papya usiende na wageni. Hilo nimejifunza kwa aibu. Shemeji yangu alikuja kutoka Tabora, nikampeleka sehemu iliyokuwa imefunguliwa wiki ile, Ijumaa usiku, watu sita. Tuliagiza sato. Tulikaa saa moja na nusu tukinywa soda, na sato walipofika, katikati walikuwa bado na barafu. Shemeji alikula mkia na upande wa juu, akasema ameshiba. Tangu hapo naenda kwanza peke yangu, siku ya kazi, mchana, na pesa ya sahani moja. Pakinipendeza narudi baada ya miezi mitatu hivi kabla sijamwambia mtu. Kwa nini miezi mitatu? Mpishi mzuri wa ufunguzi mara nyingi anakuwa ameshachukuliwa na mwingine. Ladha ikibadilika ghafla, mwulize mlinzi mpishi kaenda wapi. Walinzi wanajua. Rosti ya maini ninayoipenda nimeifuata kutoka Mwananyamala hadi Tabata kwa njia hiyo.

Kuhusu bei, kuna mahali kadhaa watu wanapoumia. Samaki mzima hauzwi kwa menyu, anauzwa kwa ukubwa: nenda kwenye trei, mwonyeshe kwa kidole, mwambie muuzaji ataje bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Nyama choma inapimwa mbichi, na mfupa wake. Simama penye mzani. Sema unataka mbavu au paja, kilo au nusu, angalia mshale, halafu ndiyo ukakae. Ukiagiza kwa sauti kutoka mezani utaletewa shingo. Kuku wa kienyeji naye haharakishwi. Piga simu ukiwa njiani, la sivyo utamsubiri saa nzima, na akija kwa dakika 20 jiulize ni kienyeji cha wapi. Migahawa ya Masaki na Oysterbay, soma chini kabisa ya menyu kama bei ina VAT au bado. Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Basi.

Sasa, sehemu ninazozipenda mimi zina kitu kimoja: jiko liko wazi. Pale kona ya Morogoro na Libya, Mamboz, mkaa unawaka nje kabisa pembeni ya barabara. Kuku sekela anachomwa ukimwona, moshi unakuingia kwenye shati mpaka nyumbani wanajua ulikokuwa. Ni pa jioni, mchana usihangaike. Gari usije nalo, maegesho ya katikati ya mji ni ugomvi; panda basi la mwendokasi ushuke kituo cha Kisutu au DIT, utembee kidogo.

Feri nako, soko la samaki la Magogoni, ni pa asubuhi. Samaki wanashushwa, mnada unapigwa, na wakaangaji wako hapo hapo. Unanunua changu au kibua wako mwenyewe, unamkabidhi mkaangaji, unamlipa kazi yake. Tazama macho ya samaki, yawe yamejaa na yanang'aa, na mashavu ndani yawe mekundu. Msimu wa kusi upepo ukiwa mkali boti nyingi hazitoki, bei inapanda, usimgombeze muuzaji. Na usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri kwa sababu wanavutwa kwa taa, na taa haiwezi kushindana na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu na mtu anakuuzia dagaa "wa usiku huu" kwa bei ya kutupa, mpite.

Jumapili jioni ni mihogo ya Coco Beach, ya kukaanga, na chachandu. Pilipili omba pembeni kwanza. Supu ya pweza ya barabarani sitaisema sana. Wanaume wanajua wanaifuata kwa nini, mimi naifuata kwa sababu ya ndimu.

Ila sehemu ninayoilinda kuliko zote ni kibanda cha mama mmoja Buguruni. Meza tatu, benchi, turubai la bluu. Wali wa nazi, maharage, mchicha, na samaki wa mchuzi Jumanne na Alhamisi tu, kwa sababu siku hizo ndiyo mwanawe anapata nafasi ya kwenda Feri. Friji hana. Yaani hana kabisa, na mimi fundi friji ndipo ninapokula kwa amani zaidi, kwani hakuna cha jana kinachoweza kufichwa.

Mahali ukipapenda, patunze. Njoo na chenji; noti ya elfu kumi saa saba mchana kwa sahani ya elfu mbili na mia tano ni usumbufu, atamwacha mteja aende kuzunguka kwa majirani. Mkiwa wengi mtaarifu asubuhi. Usikope zaidi ya wiki. Chumvi ikizidi, usitangaze mbele ya watu, subiri anapokusanya sahani umwambie taratibu, "Mama, leo mkono ulikuwa mzito." Kesho yake utaona tofauti. Na ukimpeleka rafiki, usimwachie apige picha ya sufuria bila kuomba. Kuna mmoja alifanya hivyo, mama akafunika vyungu vyote na kanga.

Mimi ananiwekea sahani, kaifunika na sahani nyingine juu, chini ya meza upande wa kivuli. Mwisho saa nane kasoro robo. Nikichelewa anampa bodaboda yeyote aliyefika na njaa, na mimi napewa chai ya rangi na maneno.