Namna ya kukadiria mzigo wa sheria ya rekodi za madereva katika bajeti ya jimbo

Kabla bunge la jimbo la Haut-Katanga, nchini Kongo (DRC), halijapigia kura pendekezo la kufuatilia rekodi za madereva, mwandaaji wa bajeti pale Lubumbashi aanze kwa kuuliza ni nani atakayelipa. Kwa mfano, katika jimbo la California, Marekani, mwajiri husajili madereva wake, kisha idara ya magari humpelekea rekodi ya kila mmoja angalau mara moja kwa mwaka, na tena pindi dereva anapohukumiwa kwa kosa, kupata ajali au kunyang'anywa permi, yaani leseni ya udereva; mwajiri naye hutozwa ada ndogo.

Tenganisha gharama za mara moja, yaani kompyuta, programu na kuhamisha mafaili ya karatasi, na zile za kila mwaka: mishahara, intaneti, mafuta ya jenereta. Hizi za pili husahauliwa, na kwa maoni yangu ndizo huua mradi. Idadi ya madereva iombwe kwa wenye malori yaendayo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, isibahatishwe. Izidishwe kwa ada, kisha wapunguzwe wasiolipa, maana hawakosekani. Faini zisihesabiwe kuwa mapato ya uhakika, kwa kuwa sheria ikifanikiwa, makosa hupungua, na faini pia.