Kukagua Omega Speedmaster ya zamani kabla hujalipa

Novemba 2021 mjini Geneva, saa ya mkono ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kuwa saa ile iliungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Kama wajuzi wa mnadani waliingizwa mjini, usitoe pesa kwa kuangalia picha tu. Kinacholipiwa ni uasili: uso, akrabu, kasha na mashine viwe vimezeeka pamoja.

Beba lenzi ya kukuza mara 10, tochi, dira ndogo na simu yenye programu ya kupima mapigo ya saa. Fuatana na fundi saa wa kufungua mfuniko wa nyuma. Muuzaji akikataa usifunguliwe, ondoka.

Anza na uso, maana ndio unaobeba sehemu kubwa ya bei. Ukingoni chini, penye alama ya 6, maandishi T SWISS MADE T yanaonyesha kwamba rangi ya kung'aa gizani ina tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Mulika uso kwa sekunde 30, kisha zima taa. Rangi ya enzi hizo ikiwaka, hufifia upesi. Ikiendelea kuwaka sana kwa muda mrefu, imepakwa upya. Linganisha pia akrabu na vidoto vya uso: vidoto vikiwa na rangi ya samli na akrabu ni nyeupe pe, akrabu zimebadilishwa.

Kioo kisikusumbue. Ni plastiki, hubadilishwa kwa bei nafuu.

Kasha ndilo linaloharibiwa zaidi, tena kwa nia njema. Tazama masikio yanayoshika mkanda: sehemu ya juu na ubavu hukutana kwenye mstari mkali unaousikia ukipitisha ukucha. Msasa huufanya mviringo kama sabuni iliyotumika, na chuma kilicholiwa hakirudi. Mikwaruzo ya miaka 50 ni afadhali mara kumi.

Sasa mfuniko. Namba ya modeli iliyochongwa kwa ndani ikianza na 105.012 au 145.012, mashine iwe ya aina ya 321, ikiwa 145.022, iwe ya aina ya 861, ambayo bei yake ni ya chini. Mashine ya 321 ina kigurudumu chenye vinguzo vilivyosimama kama taji, na hupiga mara 18,000 kwa saa. Ya 861 haina vinguzo hivyo, na hupiga mara 21,600.

Hapa kwenye kupima mapigo ndipo wengi hudanganyika. Programu hukadiria jinsi gurudumu la mizani, lile linaloyumba kwenda na kurudi kuongoza mapigo, linavyoyumba, na hutumia pembe iitwayo lift angle, ambayo hutofautiana kwa kila mashine. Nyingi huja zimewekwa nyuzi 52, lakini 321 inataka 38 na 861 inataka 50. Ukipima 321 bila kurekebisha, gurudumu la mizani linaloyumba nyuzi 220 litasomeka kama 301, na saa iliyochoka itaonekana nzima. Jaza saa ufunguo hadi mwisho kabla ya kupima. Mashine yenye afya husoma kati ya nyuzi 270 na 300 ikiwa imelala kifudifudi au chali.

Jaribu pia sehemu ya kupima muda: bonyeza kitufe cha juu, subiri dakika moja, simamisha, kisha rudisha kwa kitufe cha chini. Akrabu ndefu ikisimama pembeni ya sifuri, imelegea kwenye mhimili wake au nyundo inayoirudisha ina kasoro.

Ikiwa saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku, isogeze karibu na dira. Sindano ikiyumba kufuata mapigo, saa imeshika sumaku, na fundi huiondoa kwa sekunde chache. Mafuta yaliyokauka ndiyo yenye gharama, kwa hiyo omba bei ipunguzwe kwa kiasi hicho.

Ukimkabidhi fundi, mwandikie kwenye karatasi: usipige msasa, usibadilishe uso wala akrabu, na kila kipande kitakachotolewa kirudishwe ndani ya mfuko.